Titi lilitolewa, mbona saratani ya titi iko mgongoni?

Mgonjwa amerudi Lamu kutoka Mombasa na bahasha ya karatasi za hospitali. Miaka sita nyuma alitolewa titi la kushoto, akamaliza kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, akarudi kwenye shughuli zake. Sasa mgongo unamuuma usiku, picha zimepigwa, na karatasi inasema saratani ya titi imo kwenye pingili za uti wa mgongo. Nyumbani watu wanatazamana. Titi si lilishatolewa? Hii ya titi imetoka wapi tena? Hakosekani shangazi au jirani wa kusema: ni kile kisu, ndicho kilichoifungulia njia.

Huyu ni mgonjwa wa mfano, lakini Mkomani na Langoni kila mtaa una wake. Swali la watu wa nyumbani kwake ni zuri kuliko wanavyodhani, kwa sababu ndilo lile lile ambalo maabara kubwa za dunia zimelihangaikia kwa zaidi ya miaka mia moja: seli ya titi inawezaje kuishi ndani ya mfupa, na ni jeni gani inayoifundisha?

Tuanze na lililo wazi. Kilichoko mgongoni si saratani ya mfupa. Mtaalamu wa patholojia akikata kinyama kutoka kwenye pingili ile na kukiweka chini ya hadubini, anaona seli zenye asili ya titi, na mara nyingi bado zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, yaani protini zinazoipokea homoni hiyo, kitu ambacho mfupa haukuzipa. DNA yake, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ikisomwa, inakutwa na makosa mengi yale yale yaliyokuwa kwenye uvimbe wa kwanza. Ndiyo maana mgonjwa huyu hupewa dawa za saratani ya titi. Saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe ni ugonjwa mwingine, na dawa zake ni nyingine.

Seli hizo ziliondoka titini kabla titi halijatolewa, pengine miaka kadhaa kabla, zikafika mfupani na kukaa kimya. Kimya hicho huweza kuwa kirefu ajabu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliokusanya taarifa za wanawake zaidi ya 62,000 waliokuwa na saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni, na waliotumia dawa za homoni kwa miaka mitano. Ugonjwa uliendelea kurudi, kwa mtu huyu na yule, hadi mwaka wa 20 tangu ulipogunduliwa.

Sasa tuingie kwenye jeni zenyewe. Binadamu ana jeni takriban 20,000 zinazotoa maagizo ya kutengeneza protini. Saratani huanza pale makosa yanapojikusanya kwenye baadhi ya jeni hizo ndani ya seli moja: zinazoamuru seli igawanyike zinakuwa hazinyamazi, na zinazotakiwa kuizuia zinaharibika. TP53 ndiyo maarufu kuliko zote katika hizi za kuzuia. Kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika, na ikishindikana, kuiamuru ife. Mengi ya makosa haya mtu hakurithi. Yanatokea maishani, DNA inaponakiliwa, au kwa moshi wa sigara, miale, virusi na umri.

Kwa kuwa kuanza kwa saratani kulielezeka hivyo, wanasayansi walitarajia kusambaa nako kutaelezeka vivyo hivyo. Walidhani ipo jeni ya kusambaa, au jeni chache, ambazo zikikosewa basi uvimbe unapata miguu. Teknolojia ya kusoma DNA ilipokuwa nyepesi, wakaanza kuzitafuta. Walichukua uvimbe wa mwanzo na uvimbe uliohamia, wote wa mtu mmoja, wakasoma DNA ya huu na ule, kisha wakatafuta lililozidi.

Hawakulipata. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichunguza hivyo saratani ya utumbo mpana mwaka 2008. Walikadiria kwamba uvimbe mkubwa usio na madhara huchukua kama miaka 17 kugeuka saratani iliyokomaa, ila kutoka hapo hadi kuweza kusambaa ni chini ya miaka miwili, na mabadiliko mapya ya jeni yanayohitajika kwa hatua hiyo ya mwisho ni machache mno, kama yapo. Mwaka 2017 timu nyingine ilisoma DNA ya uvimbe uliosambaa wa wagonjwa 500 wenye saratani za aina mbalimbali. Jeni zilizoongoza kwa kuharibika zilikuwa TP53, CDKN2A, PTEN, PIK3CA na RB1. Zote ni majina ya zamani, zinazojulikana kuanzisha au kukuza saratani hata kabla haijatoka ilipozaliwa.

Nadhani hapa ndipo maelezo mengi tunayopewa wananchi yanapopotoka, kwa kuendelea kuongea kana kwamba jeni ya kusambaa iko mahali inasubiri kugunduliwa. Kilichopatikana kinashangaza zaidi. Seli inayosambaa, kwa sehemu kubwa, inatumia jeni nzima, zisizo na kosa lolote, ambazo kila mmoja wetu anazo na aliwahi kuzitumia. Tatizo ni kwamba inazitumia wakati usio wake.

Turudi tumboni mwa mama. Katika wiki ya tatu ya mimba, mtoto ni tabaka la seli zilizoshikana. Ili awe na mwili wenye ndani na nje, baadhi ya seli lazima ziachane na wenzake, zibadilike umbo, zipenye na kuhamia ndani. Baadaye kidogo kundi jingine linatoka upande wa mgongo na kusafiri mbali: wengine wanakwenda kujenga mifupa ya uso, wengine neva, wengine seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Safari hizi zinaongozwa na jeni ambazo nyingine, kama Twist na Snail, zilijulikana kwanza kwa nzi wadogo wanaozunguka matunda yaliyoiva. Moja ya kazi zake ni kunyamazisha jeni ya CDH1, inayotengeneza E-kadherini, protini inayoshikanisha seli na jirani yake. Mwili ukishajengeka, jeni hizi za safari hunyamazishwa, isipokuwa pale zinapohitajika kidogo, kwa mfano seli za ngozi zinapojivuta kufunika kidonda.

Mwaka 2004 maabara ya Robert Weinberg, huko Massachusetts, ilionyesha kwamba seli za saratani ya titi ya panya zilizokuwa hodari wa kusambaa zilikuwa zimeiamsha Twist. Watafiti walipoizima, seli ziliendelea kuota vizuri tu pale zilipopandikizwa, lakini kufika kwenye mapafu zikashindwa kwa kiasi kikubwa. Kuota ni jambo moja na kusafiri ni jambo jingine.

Seli inaiamsha vipi jeni bila kuibadilisha maandishi? DNA haikai wazi. Imezungushwa kwenye protini na kubandikwa alama ndogo za kemikali, na alama hizo ndizo zinazoamua jeni ipi isomeke na ipi isisomeke. Ndivyo ini na jicho vinavyokuwa na DNA moja na kazi mbili. Saratani inavuruga alama hizo. Jambo muhimu ni kwamba alama huweza kubandikwa na kubanduliwa tena, hivyo seli inaweza kulegea ili isafiri, kisha ikajikaza upya ikifika ili ijenge uvimbe mpya. Kosa la kudumu katika DNA lisingeipa uhuru huo, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wale waliosoma herufi za DNA peke yake kutoka mikono mitupu.

Nisikupe picha iliyonyooka kupita kiasi. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalichapisha majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba seli za saratani ziliweza kusambaa hata bila kulegea kwa njia hiyo, na kwamba kulegea kulizisaidia zaidi kuhimili kemo. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeonekana kwamba seli zinazosafiri kwenye damu zikiwa zimeshikana kama kifungu zina uwezo mara 23 hadi 50 wa kuanzisha uvimbe mpya kuliko seli inayosafiri peke yake. Kwa hiyo kulegea si njia pekee. Hoja hii bado inabishaniwa, na wabishani ni watu wanaojua wanachokisema.

Kuna na njia nyingine, ya kihuni zaidi. Seli nyingi za saratani hukosea kugawanya kromosomu zake, yaani mafungu ya DNA, na vipande vya DNA huchuruzika nje ya kiini. Ndani ya seli kuna mfumo wa tahadhari unaochukulia DNA iliyo nje ya kiini kuwa dalili ya virusi. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba seli hizi huishi na tahadhari hiyo ikilia muda wote, zikaizoea, kisha zikaigeuza kuwa amri ya kuhama. Silaha ya mwili dhidi ya virusi inatumika kuusambaza ugonjwa.

Safari yenyewe inaua. Seli za saratani ndani ya damu ziliripotiwa mapema, mwaka 1869, na Thomas Ashworth huko Australia, ambaye aliona kwenye damu ya maiti seli zinazofanana na za uvimbe uliomuua. Lakini kuzikuta kwenye damu hakumaanishi zitaota. Kwenye majaribio, chini ya seli moja kati ya 10,000 zinazoingia kwenye damu ndiyo inayofanikiwa kuanzisha uvimbe mwingine. Nyingine zinapasuliwa na msukumo wa damu, zinauawa na chembe za kinga, au zinafika mahali pasipowezekana kuishi.

Hilo la mahali ndilo alilolishika Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa London, mwaka 1889. Alipitia taarifa za uchunguzi wa maiti za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona ini limeshambuliwa mara nyingi mno kuliko wengu, ingawa vyote viwili vinapata damu. Kama ingekuwa bahati tu, tofauti hiyo isingekuwapo. Akasema mbegu hutawanyika kila upande lakini huota tu penye udongo unaoikubali. Kwa mtu wa Lamu, kisiwa chenye mikoko pande zake, hoja hii haina ugeni. Mche wa mkoko huanza kuchipua ukingali juu ya mti, huanguka, hubebwa na maji yanayojaa na kupwa, na huweza kutupwa ufukweni Shela au kwenye mawe ya Manda. Huko hufa. Miche ile ile ikitua kwenye tope la mkondoni inashika mizizi. Hakuna aliyeubadilisha mche njiani.

James Ewing, Mmarekani, alimpinga Paget katika miaka ya 1920: kwake yote yalikuwa mabomba, seli inakwama pale mishipa inapoifikisha. Wote wawili walipata kitu. Saratani ya utumbo hupenda ini kwa sababu damu ya utumbo hupitia ini kwanza. Lakini saratani ya tezi dume inayojaza mifupa haielezeki kwa mishipa peke yake. Miaka ya 1970 Isaiah Fidler aliweka sawa mambo kwa panya, akaonyesha kwamba ndani ya uvimbe mmoja seli hazilingani: zimo zenye uwezo mkubwa wa kusambaa na zimo zisizo nao kabisa.

Udongo wa mfupa una siri yake. Mfupa unavunjwa na kujengwa kila siku, na kuna seli maalumu za kuuvunja. Seli ya titi iliyofika humo hutoa protini inayozichochea seli hizo za kuvunja zifanye kazi kupita kiasi. Mfupa ukivunjika, hutoa vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, na vichocheo hivyo huilisha seli ya saratani, ambayo nayo hutoa protini zaidi. Maumivu ya mgonjwa wetu wakati wa usiku yanatokana na mzunguko huo. Na hii ndiyo sababu daktari anaweza kumwongezea sindano ya asidi ya zoledroniki, dawa ambayo haikutengenezwa kuiua saratani. Inazizuia seli zinazovunja mfupa, na hivyo kuukata mzunguko.

Sasa swali ambalo ukoo wowote wa pwani utauliza: je, ni ya kurithi? Hapa majibu ni mawili na watu huyachanganya. Kurithi hatari ya kupata saratani kunajulikana. Jeni za BRCA1 na BRCA2 ndizo maarufu, na wagonjwa wengi wa titi hawana kosa la kurithi kwenye hizo. Lakini kuna kurithi kwa aina ya pili, kusikozungumzwa sana: kurithi mwili ambao saratani ikishakuwamo ndani yake inasambaa kwa urahisi au kwa shida.

Kent Hunter na wenzake walilionyesha hili kwa panya mwaka 1998. Walichukua madume yaliyobeba jeni moja inayosababisha saratani ya titi, wakayapandisha kwa majike ya koo tofauti. Watoto wote wa kike waliorithi jeni ile walipata uvimbe, ila mapafu yao hayakufanana: wa ukoo huu yalijaa uvimbe uliohamia, wa ukoo ule ulikuwa mchache. Kilichoanzisha saratani kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni jeni nyingine zote walizopewa na mama zao.

Kwa binadamu mfano bora nilioukuta ni jeni ya APOE. Kazi yake ya kila siku ni kusaidia kubeba mafuta kwenye damu, na ina matoleo matatu yanayojulikana sana, la 2, la 3 na la 4. Toleo la 4 lina sifa mbaya kwa sababu linaongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer uzeeni. Mwaka 2020 maabara ya Sohail Tavazoie, Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, iliripoti kwamba kwa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, mambo yanageuka: panya wenye toleo la 4 la binadamu waliizuia saratani vizuri zaidi kuliko wenye toleo la 2, na wagonjwa wenye toleo la 4 waliishi muda mrefu zaidi. Kinga yao iliiandama saratani kwa nguvu. Lakini tafiti kubwa za namna hii zimefanywa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo mtu wa Faza au Malindi asikimbilie kupima APOE kwa ajili ya saratani. Hakuna matibabu yanayobadilika kwa jibu hilo.

Zipo pia jeni zinazozuia kusambaa bila kuzuia uvimbe kukua. Ya kwanza, NM23, ilitangazwa mwaka 1988 na Patricia Steeg na wenzake. Nyingine, ya mwaka 1996, inaitwa KISS1. Walioigundua walikuwa Hershey, Pennsylvania, wakaipa jina la chokoleti ya mji wao. Miaka saba baadaye ikabainika kwamba protini yake ndiyo inayoamsha balehe ubongoni. Jeni inayompevusha kijana ndiyo hiyo inayoifunga miguu melanoma. Mimi sioni mfano mzuri kuliko huu wa kumweleza mtu kwa nini huwezi kuingia na kuchezea jeni zote zinazohusika na kusambaa kwa dawa moja: kila moja ina kazi nyingine ambayo mwili unaihitaji.

Na kisu cha shangazi? Asipuuzwe, maana hakutunga. Ameona watu wakipasuliwa na baada ya miezi wakazidiwa. Ila wengi wa hao walifika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa, seli zimeshatoka zamani, na upasuaji ukaangukia katikati ya jambo lililokwisha kuanza. Kwa saratani za kawaida kama ya titi, kukatwa kinyama cha kupima hakumfupishii mtu maisha, na bila hicho kinyama hakuna anayejua dawa ipi itafaa. Ziko chache ambazo madaktari wenyewe huogopa kuzichoma sindano ya kupima, ikiwemo ya korodani, na baadhi ya uvimbe wa ovari, na hizo hutolewa nzima. Kwa hiyo kuuliza ni haki. Kukimbia ndiko kunakougharimu ukoo mama wake.

Kinachobaki kwa mgonjwa wetu ni karatasi iliyomo ndani ya ile bahasha. Mistari miwili yenye faida kuliko yote ni ya vipokezi vya homoni na ya HER2, jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 17, ambayo kwa baadhi ya saratani za titi hujinakili mara nyingi kupita kiasi. Dawa inayoilenga, trastuzumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Lakini majibu hayo ni ya uvimbe wa miaka sita iliyopita. Seli zilizokaa mfupani zimepitia mengi tangu hapo, na baadhi hupoteza kipokezi cha estrojeni au hubadilika kwenye HER2, dawa iliyofaa mwanzo isifae tena. Pale inapowezekana kuufikia uvimbe mpya bila hatari, inafaa kumwuliza daktari kama kinyama kipya kitachukuliwa mgongoni. Na kile cha kwanza hakikutupwa. Maabara huhifadhi nyama iliyopimwa ndani ya nta ya parafini, na kipande hicho huweza kupimwa tena baada ya miaka mingi kama mtu ataulizia kwa namba iliyoandikwa juu ya ripoti ya patholojia.